Akaunti Iliyopotea Mbele ya Wamama wa Maombi

Kazi yangu ni kupima pochi. Nikisema hivyo sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi tunakoishi, watu wanatazama mikono yangu wakitafuta pochi za ngozi, kwa sababu mume wangu ni fundi cherehani na wengi wanadhani tunashona pamoja. Pochi ninazopima mimi hazishikiki. Ni programu ya simu na kompyuta ambayo mtu anahifadhia sarafu za kidijitali, zile zisizo na noti wala chuma. Kampuni iliyoitengeneza ina ofisi ndogo Lilongwe, nami niliipata kazi hiyo baada ya kusoma mafunzo ya kompyuta hapahapa kambini.

Sehemu yangu ni akaunti. Mtu akiwa na pochi moja anaweza kufungua humo akaunti kadhaa, kila moja na jina lake, kama mama anayetenganisha pesa katika vitambaa tofauti. Basi mimi ninahakikisha kwamba akaunti mpya inafunguka, inapokea jina, inabadilishwa jina, na kwamba mtu akifunga pochi yake kisha akaifungua tena kwa neno la siri, anakuta kila kitu alipokiacha. Ni mambo madogo. Lakini programu hiyo hubadilishwa mara kwa mara, na kila inapobadilishwa yote lazima yajaribiwe upya, na hakuna binadamu mwenye subira ya kubonyeza vitufe vilevile kila siku ya Mungu. Kwa hiyo mimi ninaandika maagizo, na kompyuta inabonyeza yenyewe. Inafungua, inaandika, inabofya, inasoma kilichotokea kwenye kioo na kukilinganisha na nilichosema kitokee. Kikilingana, inaweka alama ya kijani. Kisipolingana, nyekundu.

Sarafu ninazotumia kwenye majaribio ni za kuchezea, hazinunui hata nyanya moja. Hilo nimelieleza hapa kambini kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu.

Tulikuwa tunakaa, na bado tunakaa, katika nyumba ya vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na mama mkwe wangu. Yeye ni Mubembe wa Fizi, huko nchi tuliyoikimbia, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima kingine, na ndiye kiongozi wa chumba cha maombi cha wamama wa kanisa letu. Mimi kwetu ni Uvira. Mume wangu anashinda sokoni na cherehani yake, na binti yetu wakati huo alikuwa ametoka tu kujua kukimbia, kwa hiyo hakuwa anatembea tena.

Asubuhi moja ya kiangazi, katika miezi ile ya baridi ambapo upepo wa Dowa, wilaya yetu, unapita chini ya mlango kama mtu mwenye haraka, nilikuwa nimeandika majaribio mapya. Kwa kawaida huwa ninayaendesha kwa siri, yaani kompyuta inafanya kazi ndani kwa ndani na kioo hakionyeshi kitu. Siku hiyo nilitaka kuona kama maagizo yangu yanafuata njia, kwa hiyo niliacha dirisha la pochi wazi, nikatoka nje kumwogesha mtoto kabla maji hayajapoa.

Jirani yangu, mama wa Kinyarwanda anayeuza sabuni za vipande, aliingia kuomba chekeche la unga. Aliingia kama tunavyoingia sote, akiita huku tayari yuko ndani. Kisha nikamwona akitoka kinyumenyume.

"Mama," aliniambia polepole, "iko mutu ndani?"

"Hapana. Ni mi na mutoto tu, tuko hapa."

"Sasa nani njo anaandika kwa ordinateri?" Alimaanisha kompyuta.

Mikono yangu ilikuwa na sabuni, mtoto alikuwa anateleza kama samaki akitaka kukimbia, nikajibu bila kufikiri: "Inaandika yenyewe."

Sidhani kama kulikuwa na jibu baya kuliko hilo. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, akaenda zake bila chekeche.

Kabla ya mchana habari ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Mume wangu aliisikia sokoni kutoka kwa mteja aliyekuja kupunguza suruali: kuna mke wa mtu upande wa juu ambaye usiku anaacha ordinateri na vidole visivyoonekana vinamwandikia pesa. Mume wangu aliipima suruali ile, akaiandika chaki, akasema, "Ule ni bibi yangu, na vile vidole haviwezi hata kupika." Alipofika nyumbani alinieleza akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka sana. Hapa kambini jina la mtu ni kitu anachoishi nacho karibu mno, na neno la uchawi lilishawahi kuharibia wengine usingizi.

Kesho yake wamama wa maombi walikuja. Walikuwa watatu: mama mkwe wangu mbele, jirani wa sabuni nyuma yake akitazama chini, na mama mmoja mrefu, mwembamba, ambaye huko Fizi alikuwa mkunga na ambaye kanisani anaimba sauti ya chini kuwapita wanaume. Nilitandika mkeka. Mama mkwe hakukaa mara moja.

"Mukamwana," alisema, akiniita mke wa mwanawe, "hatukukuya kukuhukumu. Tulikuya kuona. Mutu asiyeona, anasema. Mutu anayeona, anasema pia, lakini anasema vizuri."

"Karibuni, mama. Mutaona yote."

Niliweka kompyuta juu ya stuli. Ili waweze kufuata, niliongeza maagizo ya kupumzika kati ya kila hatua, ule mshale wa kwenye kioo uende taratibu kama mzee anayevuka mto. Nikawaambia kitakachotokea kabla hakijatokea. Sasa itafungua pochi. Sasa itaunda akaunti ya kwanza na kuiita Unga. Sasa itaunda ya pili na kuiita Shule. Majina hayo nilikuwa nimeyachagua mwenyewe, kwa sababu majaribio yanataka majina fulani na mimi sikutaka kuandika upuuzi siku nzima.

Walisogeza vichwa karibu na kioo. Herufi zilipoanza kujiandika, U, N, G, A, mama mkunga alivuta pumzi. Mama mkwe alinyoosha mkono akapitisha kiganja mbele ya kioo, kati ya kioo na mimi, kama mtu anayetafuta uzi.

"Na wewe hugusi?"

"Sigusi, mama. Nilimwandikia jana mambo yote ya kufanya. Leo anayafanya."

"Anaweza kufanya kitu hukumwandikia?"

"Hapana. Hata nikikosea, anafanya makosa yangu vilevile nilivyoyaandika."

Alifikiri. Alama ya kijani ikatokea, halafu nyingine, halafu nyingine. Mwishowe akakaa chini, akanyoosha miguu, na nikajua mambo yamepoa.

"Hii ni kama mashini ya kusaga muhindi," aliwaambia wenzake. "Unaweka muhindi, unaenda kuongea na bantu, unarudi unakuta unga. Hakuna shetani. Shetani hawezi kufanya kazi ya kuchokesha hivi."

Waliombea kompyuta hata hivyo, kwa kuwa walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo. Mama mkwe aliweka mkono juu yake na kuomba isimdanganye mtoto wao, yaani mimi, isiungue, na rezo isikatike, maana alikuwa amenisikia mara nyingi nikiulalamikia mtandao kupitia ukuta. Tukasema amina. Jirani yangu wa sabuni alinishika mkono mlangoni, akanung'unika kwamba yeye aliwaambia watu wawili tu. Nilimwambia hakuna neno, na siku ile ilikuwa kweli.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Alhamisi iliyofuata, maombi yalipomalizika, wakarudi wote watatu, na mama mkwe akauliza kama ile mashini itasaga leo. Tangu hapo ikawa desturi. Walikuja na kazi zao, maharage ya kuchambua, nywele za kusukana, wakakaa mkekani na kutazama pochi ikijifungua na kujifunga. Kijani kikitokea kwenye jaribio gumu, mama mkunga alipiga kigelegele kifupi cha ndani ya nyumba. Niliwazoea. Nilikuwa nimefanya kazi ile peke yangu kwa muda mrefu, na peke yako hata alama ya kijani haina mtu wa kuionyesha.

Sasa, kulikuwa na jaribio moja ambalo lilikuwa linanichosha. Lilikuwa ni lile la kufunga pochi na kuifungua tena, kisha kuhakikisha kwamba Unga na Shule zote mbili zipo. Asubuhi linapita, mchana linaanguka, jioni linapita. Majaribio ya namna hiyo tunayaita kigeugeu. Kila mpimaji anayo machache, na lawama huwa inaenda kwa jaribio lenyewe kabla ya kwenda kwa programu: labda limeandikwa haraka, labda halikusubiri vya kutosha. Kule ofisini walikuwa na utaratibu wao. Jaribio likianguka, linarudiwa lenyewe, na likipita mara ya pili, linahesabiwa limepita. Mimi nililiandika upya mara mbili na halikubadilika tabia.

Alhamisi moja iliangukia siku ya soko. Siku ya soko mtandao wa Dzaleka unakuwa mzito, kila mtu anapiga simu, anatuma, anauliza bei. Nilikuwa nimeliendesha jaribio lile taratibu kwa ajili ya wageni wangu, nami nikawapa mgongo nikikata lengalenga, mchicha wetu, kwa ajili ya mchana. Nikasikia jirani wa sabuni akisema kwa nguvu:

"Eeh! Shule imeenda wapi?"

"Shule gani?" nilijibu, nikidhani anasema watoto wametoroka masomo.

"Shule ya hapa! Ilikuwa chini ya Unga. Imeondoka!"

Niligeuka na kisu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na Unga peke yake. Mshale ulikuwa bado haujasogea, ulikuwa umesimama pembeni ukisubiri zamu yake. Halafu ukasogea, ukatafuta Shule, ukaikosa, na alama nyekundu ikatokea.

"Mama, ulisema ilikuwa hapo?"

"Ilikuwa hapo. Wote tuliiona. Pochi ilifunguka, Unga iko, Shule iko. Halafu Shule ikaenda, na hakuna mwenye aligusa."

"Ni kweli," mama mkunga alisema. "Mi mwenyewe nilikuwa nataka kupiga kigelegele."

Nilikaa chini nao. Kwa miezi nilikuwa nimeiona nyekundu ile bila kuona kilichotangulia, kwa sababu kompyuta ikifanya kazi ndani kwa ndani inaniletea tu habari ya mwisho. Ikitazama mapema, inakuta akaunti zote mbili na kuandika kijani. Ikichelewa kidogo, inakuta moja imeshatoweka. Jaribio langu halikuwa kigeugeu. Akaunti ndiyo iliyokuwa inaonekana na kupotea, na nilikuwa sijawahi kuwa na sababu ya kwenda taratibu hivyo mpaka wamama hawa walipotaka kufuata hatua kwa hatua.

Tuliliendesha tena, na tena. Wamama waliacha nywele na maharage, wakakodoa macho kama watu wanaolinda shamba. Mara ya tatu mama mkwe akapaza sauti, "Njo hiyo! Inaenda!" na Shule ikaenda.

Nikamwandikia msimamizi wangu wa Lilongwe. Alijibu kwa upole kwamba kwao haionekani, wamejaribu, inapita kila mara. Kisha akaongeza: njoo utuonyeshe, hata hivyo tumechoka kukujua kwa sauti tu.

Kutoka kambini kunataka ruhusa, na ruhusa inataka subira, lakini niliipata. Mume wangu alinichukulia kipimo cha mabega akanishonea koti jepesi la rangi ya udongo. Nilipouliza mtoto atakaa na nani nikiwa mbali siku mbili, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. "Na bibi yake. Na mi. Na wale bamama yako wa ordinateri. Enda."

Lilongwe nilikuwa nimeshafika zamani, lakini nikiwa nimeshika mkoba wa mama yangu, tukipanga foleni mahali fulani. Safari hii nilikwenda kama mtu anayesubiriwa. Nilishuka karibu na Capital Hill saa ambazo wafanyakazi wa serikali wanaingia kazini, mashati yamepigwa pasi, na nikapita kati yao na koti langu, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Nililifurahia hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae. Msimamizi wangu, ambaye kwa sauti nilimdhania mzee mnene, alikuwa mtu mwembamba wa umri wangu, na sweta lililotoboka kiwiko.

"Amayi!" alisema kwa Kichewa, kwa heshima wanayompa mwanamke mwenye nyumba yake, kisha tukaendelea kwa Kiingereza tulichozoea kuandikiana. "Kumbe wewe ni mfupi hivi?"

"Na wewe achimwene, kaka yangu, kumbe huna kitambi?"

Alinitambulisha kwa yule aliyeandika sehemu ya akaunti, msichana mkimya mwenye miwani. Wakanipa meza na chai. Nikafungua kompyuta yangu, nikaliendesha jaribio.

Likapita.

Nililiendesha polepole. Likapita. Nililiendesha kwa kompyuta yao, likapita. Siku nzima Unga na Shule zilikaa pamoja kama ndugu wanaopendana, na mtandao wa ofisi ile ulikuwa unatiririka kama bomba lililoachwa wazi. Hawakunidharau. Afadhali wangenidharau, kwa sababu upole wao ulinipa kazi ya kutabasamu. Msichana mwenye miwani alisema labda ni kompyuta yangu, imezeeka. Nikasema labda. Ndani yangu nilikuwa nikitafuta namna ya kueleza kwamba ushahidi wangu ni wamama watatu wa kanisani, na sikuipata.

Jioni nikiwa katika nyumba ya wageni ya kanisa moja, nilipiga simu nyumbani. Mume wangu alianza kunieleza mtoto amekula nini, kisha simu ikanyang'anywa.

"Waliona?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

"Hawakuona, mama. Huku inapita tu. Shule haiondoki."

"Lakini sisi tuliona."

"Mliona. Hata mimi niliona."

"Sasa uko na wasiwasi ya nini? Kula, ulale. Kesho waonyeshe tena. Na uvae ile koti, huko Lilongwe iko baridi."

Nilikula, nikalala. Siku ya pili asubuhi jaribio likapita tena, na nikaanza kufikiria jinsi ya kufunga mkoba wangu bila kuonekana nina haraka.

Mchana tulikwenda wote watatu kula kwa mama mmoja anayepika nyuma ya jengo. Tulikula nsima, ugali wa huku, na usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, na msimamizi wangu akatoa mfuko wa karanga zilizotoka kwa mama yake, anayelima upande wa Nathenje. Mimi nilikuwa natazama simu. Mume wangu alikuwa ameniambia amenitumia picha ya mtoto tangu asubuhi, na haikuwa imefika.

"Subira tu," msimamizi alisema, "hata mama yangu ni hivyohivyo. Nikimtumia picha asubuhi, anaiona jioni. Na nikimtumia mbili, mara nyingine ya pili inafika kabla ya ya kwanza, halafu ananipigia simu kuuliza kwa nini mtoto wangu amekua halafu akarudi kuwa mdogo."

Tulicheka. Kisha yeye mwenyewe akaacha kucheka, karanga ikiwa imefika nusu ya njia kwenda mdomoni. Msichana mwenye miwani aliweka kikombe chini.

"Ya pili kabla ya ya kwanza," alisema.

Wakatazamana, na mimi nikawatazama wote wawili.

"Pochi ikifunguka," nilimuuliza msichana, "inaomba orodha ya akaunti mara ngapi?"

"Mara mbili," alijibu taratibu. "Ya haraka, na nyingine ya kuhakiki."

Tukapanda ngazi mbio. Nsima yangu niliimaliza kwanza, lakini mbio nilikimbia.

Kuna namna ya kuiambia kompyuta ijifanye iko mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Msimamizi aliupunguza. Jaribio likapita. Akaupunguza tena. Likapita.

"Kwenu kukoje?" aliniuliza. "Siku ile mlipoona."

"Ilikuwa siku ya soko. Mtandao hauwi mdogo tu, unakuwa na kwikwi. Unakuja, unakaa, unakuja."

Aliandika namba, akaweka kuchelewa kusiko na mpangilio. Tukaegemea kioo, vichwa vitatu karibu kugusana. Pochi ilifunguka. Unga ipo, Shule ipo. Tukasubiri. Halafu, katikati ya ghorofa ya pili ya Lilongwe, Shule ikapotea.

Nilipiga kelele. Sikukusudia, na ilitoka kwa lugha ya kwetu: "Njo hiyo! Inaenda!" Watu wa meza nyingine walisimama. Msimamizi wangu alipiga makofi, na msichana mwenye miwani aliivua miwani yake, akacheka akijifunika uso, kama mtu aliyekutwa na ndugu yake mahali asipotarajia.

Baadaye alinichorea kwenye karatasi jinsi ilivyokuwa. Pochi ilikuwa inatuma maswali mawili, na jibu la lile swali la haraka, linalotoka kwenye nakala iliyohifadhiwa kabla Shule haijaundwa, likikwama njiani lilikuwa linafika mwisho na kulifuta jibu jipya. Akaunti yenyewe haikuwa imeenda popote. Ilikuwa imefichwa tu, na mtu akifunga na kufungua tena angeikuta. "Lakini mtu anayeona akiba yake ya shule haipo," alisema, "huyo hatafunga na kufungua kwa utulivu. Huyo atalia kwanza." Alikuwa msichana mwenye kuelewa. Alilirekebisha alasiri ileile, nami nikakaa pembeni yake nikiandika jaribio jipya ambalo mtandao wa kwikwi umo ndani yake. Liliposhika kijani mara ya kwanza, tulikaa tukilitazama.

Msimamizi alifuta ule utaratibu wa kurudia majaribio ya akaunti yanapoanguka. Na yale maagizo ya kuufanya mtandao uwe dhaifu yalihitaji jina, basi akayaita Dzaleka. Mpaka leo, kabla ya toleo jipya kutoka, mtu ofisini huuliza, "Limepita kwenye Dzaleka?" Mwanzoni sikujua kama nifurahi au la, jina la mahali petu kuitwa kwa ajili ya mtandao mbovu. Sasa ninalipenda. Kitu kikipita kwetu, kitapita popote.

Nilirudi nyumbani na mkate wa mjini na karanga za Nathenje. Kutoka barabarani nilipanda kabaza, na mwenye baiskeli aliimba njia nzima, mashamba pande zote yakiwa yamevunwa na wazi, moshi wa jioni ukianza kutoka kwenye mapaa ya kambi. Wamama walikuwa wananisubiri mkekani, ingawa haikuwa Alhamisi. Niliwaeleza yote, mpaka picha za mama wa Nathenje, na mama mkunga akataka nirudie sehemu ya mimi kupiga kelele. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho akiwa amekunja mikono, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye ombi lake limejibiwa na anaona ni kawaida. Jirani wa sabuni ndiye pekee aliyebaki na swali.

"Na ile Unga," aliuliza, "nayo haiwezi kupotea siku moja?"

Nilimwambia nitaiangalia. Na kweli niliandika jaribio kwa ajili hiyo, na liko hadi sasa.

Binti yangu, ambaye kwa siku mbili nilikuwa nimemfikiria kila saa, alinitazama, akanipa mgongo, akaenda kukaa kati ya magoti ya bibi yake. Nilimwita, hakugeuka. Mume wangu aliniashiria nisimlazimishe. Basi nikavua koti, nikaingia jikoni, nikamenya mihogo kana kwamba sijawahi kutoka. Wamama wakaaga mmoja mmoja. Tulikuwa tumeshaanza kula ndipo nikasikia miguu midogo nyuma yangu, kisha uzito ukaegemea mgongo wangu, kichwa, mikono, na tumbo lote. Sikugeuka. Niliendelea kula kwa mkono mmoja, na mume wangu akanisogezea chumvi, akatazama pembeni akitabasamu, mpaka pumzi ile ya moto shingoni mwangu ikawa ya mtoto aliyelala.